Moshi na Misimu ya Upepo: Tuliyojifunza Pwani ya Tanga

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na idara yetu mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wahisani, Tanga mjini. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Katika barua ya mwaliko tuliahidi kuzungumza juu ya majiko, na majiko tutayazungumzia. Lakini tunaomba ruhusa yenu tuanze na upepo, kwa sababu upepo ndio uliotuonyesha kosa letu.

Mwezi wa Februari 2023 tulijenga jiko la shule katika kijiji kimoja cha pwani, kati ya Tanga na Pangani. Lilikuwa jengo zuri. Lilikuwa na kuta za matofali, bati jipya, na majiko mawili makubwa ya udongo yanayotumia kuni chache kuliko mafiga. Picha yake baadhi yenu mliiona katika jarida hili. Mafundi walilisimamisha upande wa kusini wa madarasa, na siku ya kulifungua moshi ulipepea taratibu kuelekea kwenye mikorosho, mbali na watoto. Tulifurahi, tukapiga picha, tukaandika taarifa.

Mwezi wa Mei tulirudi kukagua. Darasa la tatu walikuwa wamefunga madirisha yote mchana kweupe, na bado mwalimu alikuwa anafundisha huku anafuta macho. Moshi wote wa uji na wa makande ulikuwa unaingia darasani. Tulipomwuliza mpishi, mama mtu mzima ambaye amepikia shule ile miaka mingi, alitujibu bila hasira: "Wanangu, nyinyi mlikuja kujenga na kaskazi. Mngeniuliza, ningewaambia kusi ikija watoto watalia."

Hatukuwa na la kujibu. Mtu yeyote aliyezaliwa pwani hii anajua jambo lile, na hata lugha yetu inalijua. Kaskazini na kusini, majina tunayoyatumia kwa pande za dunia, yametokana na pepo hizi mbili. Tulikuwa tumejenga upande wa kusini jengo linalotoa moshi, kisha tukashangaa kusi ilipouleta.

Kwa faida ya wahisani wetu ambao si wenyeji, tueleze kidogo mwaka wa pwani ya Tanga ulivyo. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi hivi hupiga kaskazi, upepo wa joto unaotoka upande wa Bara Arabu na Bara Hindi. Ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Ghuba. Januari na Februari ni kiangazi chenyewe: jua kali, nyasi kavu, bahari ya kuvulika. Kisha upepo hugeuka. Kusi huingia na masika, na Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua kubwa. Baada ya hapo huja kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ya baridi kidogo, kusi ya nguvu, na vinyunyu vya hapa na pale ambavyo wakulima wa huku wanaviita mchoo. Mwezi wa Oktoba vuli hukaribia, na upepo hulegea kabla ya kugeuka tena. Kwa mwaka mzima mji wa Tanga hupata wastani wa mvua kati ya milimita 1,200 na 1,400. Amani, kule juu Usambara Mashariki, mawingu ya baharini hugonga mlima na mvua hufika karibu milimita 2,000. Ukienda Handeni na Kilindi nchi inazidi kukauka.

Mbali na pepo hizi kubwa mbili kuna pepo ndogo za kila siku, ambazo katika mambo ya moshi zina uzito mkubwa zaidi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, na upepo huvuma kutoka baharini. Usiku nchi hupoa, na alfajiri upepo mwembamba hutoka bara kwenda baharini. Wavuvi wanauita umande, na ndio wanaoutumia kutoka na ngalawa kabla ya jua. Sasa fikirini: alfajiri ndiyo saa ya kuwasha moto. Hewa ya chini imepoa, ya juu yake ina joto kidogo kuliko ya chini, na moshi hauna nguvu ya kupanda. Hutanda usawa wa paa kama ukungu. Ukitoka Makorora au Mikanjuni saa 12 asubuhi mwezi wa Julai utauona. Utatambaa polepole kuelekea baharini, ukipita nyumba hadi nyumba, mpaka jua litakapopasha ardhi na kuutawanya.

Kwa hiyo moshi una kalenda yake, kama mvua. Wakati wa masika vumbi la barabarani hulala na hewa ya nje husafika, lakini kuni zimelowa, na kuni zilizolowa hutoa moshi mwingi kuliko kavu. Mama aliyekuwa anapikia uani chini ya mwembe huingia ndani na mafiga yake, na mlango hufungwa mvua isiingie. Wakati wa kipupwe, hasa milimani Lushoto na Bumbuli, watu hulala na moto ndani kwa ajili ya baridi. Wakati wa kiangazi jikoni kuna nafuu, ila mashamba huchomwa kuyatayarisha kwa masika, na majalala ya mjini huwaka usiku na mchana. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, mashamba huchomwa tena. Hakuna msimu ambao mtoto wa huku anapumzika kabisa. Kinachobadilika ni mahali moshi unapotoka.

Hapa ndipo tunapotaka kuwa wakweli mbele ya wahisani. Kwa miaka kadhaa tuliandika katika maombi yetu ya fedha kwamba majiko sanifu yanaokoa kuni na yanaokoa watoto na nimonia. La kwanza tumeliona kwa macho. Jiko lililojengwa vizuri na kutunzwa linapunguza mzigo wa kuni, na akina mama ndio mashahidi. La pili tulilisema kwa sababu lilionekana ni wazi. Moshi unadhuru mapafu, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na moshi wa majumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto chini ya miaka mitano. Tukadhani basi, ukipunguza moshi wa jiko moja, umempunguzia mtoto wa nyumba ile maradhi.

Wenzetu wa Malawi walilipima jambo hili. Katika wilaya za Chikwawa na Karonga walifuatilia watoto zaidi ya 10,000 kwa muda wa miaka miwili. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kisasa yanayochoma kuni vizuri zaidi, nusu nyingine waliendelea na moto wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Nimonia haikupungua kwa watoto waliopewa majiko. Ajali za kuungua zilipungua, jambo ambalo si dogo kwa mzazi yeyote, lakini nimonia ilibaki pale pale. Watafiti wenyewe walieleza kwamba mtoto havuti hewa ya jiko la mama yake tu. Kuna takataka zinazochomwa, kuna tumbaku, kuna moto wa jirani.

Tuliposoma hayo kwa mara ya kwanza, baadhi yetu ofisini walishauri tuyaache yapite kimya, kwamba yatawavunja moyo wafadhili. Tumeona tusiyanyamazie. Mhisani aliyejinyima kidogo alicho nacho ana haki ya kujua kile ambacho fedha yake inaweza kufanya na kile ambacho haiwezi. Na kusema kweli, yale ya Malawi hayakutushangaza sana baada ya kusimama katika lile darasa la tatu. Watoto wale hawakuwa wamekaa jikoni. Walikuwa darasani, mbali na moto, na bado walivuta moshi kwa sababu ya upepo.

Liko pia jambo la pili ambalo tulilikosea, nalo ni la dari. Katika kijiji kimoja cha Muheza tulijenga majiko yenye dohani katika nyumba za familia. Baada ya msimu mmoja tulikuta familia kadhaa zimeziba dohani kwa makusudi, kwa udongo. Tuliwaza kwamba ni uzembe, na afisa wetu mmoja alianza kutoa semina nyingine ya uhamasishaji. Mzee mmoja akamnyamazisha kwa upole, akamwambia ainue macho. Juu ya mafiga, kwenye kichanja, yalikuwa yananing'inia mahindi ya mbegu. Moshi ule ndio unaofukuza fukusi na dumuzi. Tangu dumuzi alipogunduliwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkulima asiye na dawa wala moshi anaweza kukuta mahindi yake yamekuwa unga kabla ya mvua inayofuata. Moshi unahifadhi pia miti ya paa na makuti, na wengi wanasema unapunguza mbu. Sisi tuliuondoa moshi bila kuuliza una kazi gani katika nyumba ile. Familia iliyolazimika kuchagua kati ya kikohozi cha leo na njaa ya mwakani ilichagua kwa busara.

Tangu hapo tumeanza kupeleka jiko pamoja na mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ambayo mdudu akifungiwa ndani hufa kwa kukosa pumzi bila dawa. Katika nyumba ambazo vimekwenda pamoja, dohani zimebaki wazi. Fedha za mifuko hazikuwa katika bajeti yetu ya majiko. Tulizitoa katika fungu la semina, na mkaguzi wa hesabu alituuliza maswali, tukamjibu kama tunavyowajibu ninyi.

Tuseme neno pia juu ya akina mama wa samaki. Kule Deep Sea hapa mjini, na katika vijiji vya Kigombe na Kipumbwi, wapo wanaosimama mbele ya karai la mafuta tangu ngalawa zinapofika hadi jioni. Moshi wao ni wa kazi, si wa chakula cha nyumbani, na kwa hiyo haumo katika mradi wowote. Vivyo hivyo wachoma chokaa wanaopanga magogo ya minazi na mawe ya matumbawe ufukweni: siku ya kuwasha tanuru, kijiji kilicho chini ya upepo hukijua kitakachokuja. Hatuna jibu kwa hawa. Tumewataja kwa sababu kamati mbili ziliuliza kwa nini hatukuwafikia, na swali lao ni la haki.

Kuna mtu anaweza kuuliza, mambo haya ya kufuata upepo ni ya kijijini tu? Tuwape mfano wa mbali. Japani nayo ni nchi ya pepo zinazogeuka kwa msimu. Kila mwaka majira yao ya baridi yanapokwisha, vumbi la njano hupeperushwa kutoka majangwa ya China na Mongolia hadi kwao, na idara yao ya hali ya hewa huwatangazia watu kama inavyotangaza mvua. Lakini fundisho kubwa zaidi linatoka katika mji wa Yokkaichi, ambako miaka ya 1950 na 1960 vilijengwa viwanda vya mafuta kando ya bahari. Karibu na hapo palikuwa na kitongoji cha wavuvi kinachoitwa Isozu. Majira ya baridi upepo wa kaskazini magharibi uliwaletea wavuvi wale moshi wote wa viwanda, na wengi waliugua pumu. Mwaka 1967 wakazi 9 wa Isozu walizishtaki kampuni 6, na Julai 1972 mahakama ikawapa haki.

Tunalitaja hilo kwa sababu sisi nasi tumo katika mji unaokua. Kuna saruji na chokaa, kuna bandari, na tangu Agosti 2017 lilipowekwa jiwe la msingi kule Chongoleani tunajua kwamba bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limekusudiwa kuishia kwetu. Hatusemi kwamba yatakuwa ya Yokkaichi. Zama zile hazikuwa na sheria tulizo nazo. Sisi tuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Tunasema tu kwamba Chongoleani iko ng'ambo ya ghuba, upande wa kaskazini wa mji. Kaskazi ikivuma, inatoka huko kuja kwetu. Kusi ikivuma, inatoka huko kwenda Mkinga. Mjumbe wa kamati anayeitwa katika mkutano wa kutoa maoni juu ya mradi wowote, mkubwa au mdogo, aulize swali moja: mmepima miezi gani? Hewa iliyopimwa Februari peke yake haijapimwa, kama sisi tulivyojenga jiko Februari.

Kuhusu gesi. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa. Shule na vituo vyetu vinaguswa moja kwa moja, na tunaunga mkono. Lakini tuliyoyaona majumbani ni kwamba mtungi wa kwanza unapoisha, mara nyingi hukaa pembeni mpaka fedha ipatikane. Mama anachemshia chai kwa gesi na kupikia maharage kwa mkaa, kwa kuwa maharage yanakula gesi. Kugawa mitungi na kupiga picha ni rahisi. Kamati inayotaka kuomba mitungi ituandikie kwanza nani ataijaza mara ya pili na ya tatu.

Sasa maombi yetu kwa kikao hiki. Fungu lililobaki la majiko ya familia tunaomba lisitumike lote kwa majiko. Sehemu iende katika mifuko ya nafaka, sehemu katika kutoboa matundu ya juu na kuinua paa za jikoni zilizopo, na sehemu katika mashimo ya takataka ili zisichomwe chini ya madirisha ya zahanati. Hesabu ya majiko yaliyojengwa itapungua katika taarifa ya mwaka, na tunawaomba wahisani wasiione kuwa ni kazi iliyolala.

Kwa upande wa kamati, tunaomba kila parokia iwe na daftari moja. Mara moja kwa wiki, alfajiri na saa 10 jioni, mtu mmoja aandike upepo unatoka wapi, moshi unatoka wapi na unakwenda wapi, na nani anakohoa katika nyumba zile. Si lazima awe msomi. Kijana wa darasa la saba anatosha, au mvuvi mstaafu, ambaye pengine atatosha zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutupa utabiri wa masika na wa vuli kila mwaka, na redio hutusomea. Habari ya moshi hatusomewi, na kipimo cha kweli cha chembe ndogo zile zinazoingia ndani ya mapafu kinahitaji chombo ambacho hatuna. Daftari si chombo cha maabara. Hata hivyo, lingekuwapo mwaka 2023 lingetuzuia kujenga pale tulipojenga.

Mwisho, lile jiko la shule. Tumeamua kulihamisha, na gharama hatutaiweka juu ya wazazi. Tulifikiri kwanza kulipeleka upande wa magharibi, ambako kaskazi na kusi zote zitapita pembeni. Mpishi akatukumbusha umande: yeye huwasha moto saa 11 alfajiri, na watoto wa kwanza hufika kufagia saa 12 na nusu, wakati upepo bado unatoka bara. Upande wa mashariki nao una upepo wa baharini kuanzia saa 5, wakati makande yako motoni. Basi tumekubaliana liende mbali zaidi, magharibi, nyuma ya mikorosho, na dohani ipande juu ya paa la madarasa. Vigingi vitachomekwa wiki ya pili ya Novemba kabla kaskazi haijakaza, na safari hii mama mpishi ndiye atakayeonyesha pa kuchomeka.